UZI: SegaWorld ya London, ghorofa saba, pauni milioni 45, miaka mitatu tu. Nini hasa kiliiua?

#1 Mwana_wa_Ilala

Wakuu, habari za jioni.

Wiki iliyopita nilipita Piccadilly Circus na mwanangu wa miaka 13. Tulipofika Coventry Street nikasimama mbele ya jengo la Trocadero nikamwambia: humu ndani, baba yako akiwa na umri kama wako, aliona kitu ambacho hajakiona tena popote. Akatazama mlango wa hoteli, akanitazama mimi, akauliza, "Sasa kilikwenda wapi?" Mpaka tunafika nyumbani sikuwa na jibu la kuniridhisha mwenyewe.

Kwa wasioifahamu: Septemba 7, 1996 Sega, kampuni ya gemu, ilifungua SegaWorld ndani ya jengo lile. Ghorofa saba. Mashine za gemu zaidi ya 400. Mitambo mikubwa sita ya kupanda. Gharama yake pauni milioni 45. Ukiingia unapandishwa na ngazi ndefu ya umeme, wenyewe waliiita roketi, inakatisha katikati ya jengo mpaka juu kabisa. Halafu unashuka ghorofa baada ya ghorofa, na kila moja ina mambo yake: huku mapigano, huku mbio za magari, huku ndege, huku michezo ya uwanjani, huku watoto wadogo na Sonic, yule mhusika wa gemu za Sega. Mwaka 1999 Sega wakafungasha virago. Miaka mitatu!

Msimamo wangu: kiingilio ndicho kilichoiua. Mtu mzima pauni 12, mtoto pauni 9. Tiketi hiyo inakupa ile mitambo sita, lakini mashine zote 400 unazilipia upya kwa sarafu. Baba, mama na watoto wawili wameshatoa pauni 42 kabla mtoto hajagusa usukani.

Nakaribisha hoja.

#2 Kitoweo72

Mkuu umenikumbusha mbali. Ila hapo kwenye miaka mitatu umekosea, haikufungwa 1999. Mimi nimeingia pale mwaka 2006, mashine zipo, vijana wamejaa mpaka kwenye ngazi. Imefungwa 2011.

#3 Dada_Peckham

Kitoweo, uliyoingia wewe ni Funland. Mnachanganya watu wawili waliolala kitanda kimoja kwa nyakati tofauti. Sega walijitoa 1999, Funland wakachukua nafasi, wakaendelea hadi Julai 2011. Na Funland walikuwa na mashine zao humo humo Trocadero hata kabla Sega hawajaja.

Jina la SegaWorld liliishi miaka mitatu. Mleta uzi yuko sahihi.

#4 Kitoweo72

Nimekubali, dada. Asante. Lakini hebu oneni hiyo sasa: jengo lile lile, gemu zile zile, mtaa ule ule, mmoja anakufa miaka mitatu, mwingine anaishi miaka 12 kwenye kaburi la mwenzake. Basi tatizo halikuwa Waingereza kuchoka gemu.

#5 Mwana_wa_Ilala

Na Funland hawakuwa na kiingilio. Hoja yangu hiyo imesimama yenyewe.

#6 MtuWaKisauni

Habari zenu. Mimi niko Mombasa, London sijafika, ila haya mambo ya Sega nimeyafuata tangu nikiwa mdogo kwa sababu mjomba wangu baharia alituletea Mega Drive, mashine yao ya gemu ya nyumbani, na mtaa mzima ukahamia kwetu.

Ndugu wa Ilala, hiyo hoja ya kiingilio ina tundu. Sega waliliona kosa lao. Kiingilio kilishushwa mpaka pauni 2, mitambo ikawa unalipia ule unaoutaka tu, na mwishowe mlango ukawa wa bure. Kama kiingilio ndicho muuaji, mbona mgonjwa hakupona baada ya dawa?

Mimi nasema muuaji ni PlayStation. Iliingia Ulaya Septemba 1995 kwa pauni 299, mwaka uliofuata ikashuka hadi 199. Yaani hizo pauni 42 za familia kwa siku moja, ukienda mara tano umeshanunua mashine ya kukaa nayo nyumbani. Zamani ulikuwa unatoka nyumbani kwenda kuona picha ambazo televisheni yako haiwezi kuzitoa. Ghafla televisheni ikaweza. Nani atapanda treni?

#7 Mwana_wa_Ilala

Sifa mbaya haifutwi na punguzo, ndugu yangu. Mtu akishaambiwa na jirani yake kwamba pale ni ghali na foleni haiishi, ukishusha bei haisikii. Kwanza hata kuangalia tangazo lako haangalii tena.

#8 Fundi_wa_Foleni

Wakuu, kazi yangu ni kupanga mitambo kiwandani, Dar. Nimesoma huu uzi nikachukua karatasi. Mnabishana bei, mnaacha hesabu ya watu.

Sega walitarajia wageni milioni 1.75 kwa mwaka wa kwanza. Gawa kwa siku 365: karibu watu 4,800 kila siku. Tuseme mlango uko wazi saa 12. Hao ni watu 400 kila saa.

Sasa mtambo kama AS-1 ni chumba kinachotikisika, kinabeba watu 8 kwa safari. Kupanda, kufunga mikanda, filamu, kushuka, tuseme dakika 6. Kwa saa moja safari 10, watu 80. Hata kama mitambo yote sita ingekuwa na uwezo huo, unapata watu 480 kwa saa. Wageni 400, nafasi 480. Kila mgeni anapata mtambo mmoja na kipande!

Na tiketi imemwahidi sita.

Hapo huhitaji PlayStation kumuua mtu. Watu wakija kidogo unakosa hela, watu wakija wengi kama ulivyoomba, wanakaa foleni na kuondoka wamenuna. Foleni za siku za mwanzo zilisemwa mpaka magazetini. Lile jumba lilikuwa na ugonjwa kwenye ramani kabla ya tofali la kwanza.

#9 Bi_Shangani

Fundi, Mungu akubariki. Miaka yote nasikia "menejimenti mbovu, menejimenti mbovu", leo ndiyo naona namba.

#10 Kitoweo72

Fundi, umeonea kidogo. Mitambo sita haikuwa na ukubwa sawa. Aqua Planet ulikuwa ukumbi wa filamu ya miwani, viti vinatikisika, mle wanaingia wengi kwa mkupuo. Mad Bazooka ni vile vigari vya kugongana, ila vinafyonza mipira sakafuni na kuirusha kwa wenzako. Ghost Hunt mnakaa kwenye kigari mnapiga mizimu. Beast in Darkness ni safari ya gizani. Ile Space Mission ndiyo ya kuvaa kofia yenye skrini machoni.

#11 Fundi_wa_Foleni

Sawa kabisa. Ongeza wa Aqua Planet, hata mara mbili. Nimerudia: nafasi 560 kwa watu 400. Bado hakuna anayemaliza mitambo miwili. Sita iko wapi?

Kinachoniumiza ni kwamba hesabu hii inafanyika kwa kalamu. Bustani kubwa za nje zinajua siri yake: treni ya kupanda na kushuka milima inameza watu zaidi ya elfu kwa saa. Ndani ya jengo la mjini huwezi kuweka kitu kama hicho. Unaweka visanduku vya watu wanane.

#12 Mzee_Lubumbashi

Bandugu, jambo. Mimi niko London tangu 1994, natoka Lubumbashi.

Niliingia SegaWorld mwezi ule ule wa kwanza, na mtoto wa dada yangu. Hela ya tiketi mbili ilikuwa ni kazi ya usiku mzima ya kusafisha ofisi, lakini sijutii hata senti. Ile ngazi ya roketi, taa za buluu pande zote, yule mtoto alinishika mkono kwa nguvu mpaka kucha zikaniingia. Kule juu kulikuwa na sanamu ya Sonic. Alisimama pale kama mtu aliyefika Maka.

Tulipanda ile ya kuvaa kofia, Space Mission. Leo wajukuu wananiletea kofia kama ile sebuleni, wanadhani ni jambo jipya. Nawaambia nimevaa mwaka 1996 Piccadilly. Hawaamini.

Hoja za bei na foleni nawaachia nyie. Mimi ninachosema, pale palikuwa pazuri.

#13 MtuWaKisauni

Mzee, shikamoo. Hiyo kofia ina kisa chake. Sega waliutengeneza mtambo ule, VR-1, kwa kushirikiana na Virtuality, kampuni ya Leicester hapo hapo Uingereza. Hao ndio walikuwa mabingwa wa mambo ya kuvaa skrini miaka ya mwanzo ya 90. Virtuality wenyewe wakafilisika 1997, mwaka mmoja tu baada ya SegaWorld kufunguliwa. Ile ndoto nzima ya "dunia ya kuvaa" ilianguka kwa pamoja.

#14 Mzee_Lubumbashi

Marahaba mwanangu. Hilo sikulijua. Aksanti.

#15 Nyota_ya_Muscat

Mbona mnaizungumzia London kama ilikuwa peke yake? Mzizi uko Japani. Hii kampuni ya Kimarekani ilianza kujenga majumba haya Tokyo, London ni nakala tu.

#16 Dada_Peckham

Nyota, marekebisho mawili.

Moja, Sega ni ya Japani, ila waliochanganya udongo ni Wamarekani. Jina lenyewe ni kifupi cha Service Games, watu waliokuwa wakiuza mashine za sarafu kwenye kambi za jeshi la Marekani. Kampuni ikaundwa Tokyo 1960, mwaka 1965 ikaungana na ya David Rosen, ikaitwa Sega Enterprises.

Mbili, kule Japani majumba haya ya Sega yanaitwa Joypolis, na la kwanza lilikuwa Yokohama, Julai 1994. La Odaiba pale Tokyo ni 1996, miezi michache tu kabla ya London. Ila umesema kweli, London ilikuwa tawi la mti uliopandwa kule.

#17 Nyota_ya_Muscat

Nimeshukuru kwa kunisahihisha. Lakini hoja yangu iko pale pale. Tazameni mwaka, acheni jengo. Yokohama ilifungwa 2001. Sydney walifungua Machi 1997 pale Darling Harbour, wakafunga Novemba 2000, mara tu Olimpiki ilipomalizika. London 1999. Miji mitatu, mabara matatu, bei tofauti, foleni tofauti, na yote yamekufa ndani ya miaka miwili. Muuaji alikuwa makao makuu.

Sega ilikuwa inavuja damu. Saturn, mashine yao ya nyumbani, ilishindwa sokoni. Mwaka 1997 walitaka kuungana na Bandai, kampuni ya vitu vya kuchezea, ikavunjika. Mwaka wa fedha ulioishia Machi 1998 walipata hasara ya yeni bilioni 35.6. Hela iliyobaki yote wakaipeleka kwenye mashine mpya ya nyumbani, Dreamcast, Novemba 1998. Ukiwa na mtoto mgonjwa hospitali, humnunulii mwingine baiskeli. Januari 2001 wakatangaza kuacha kutengeneza mashine za nyumbani kabisa.

London ilikufa kwa sababu mama yake alikuwa anakufa.

#18 Bi_Shangani

Hoja nzito. Ila Odaiba mbona iko hai hadi leo?

#19 Nyota_ya_Muscat

Iko hai kwa mwenye mwingine. Sega waliuza hisa nyingi za Joypolis kwa kampuni ya China, biashara ikakamilika mwanzoni mwa 2017. Hata zile kumbi zao za kawaida za gemu Japani waliziuza kwa kampuni ya Genda, sehemu kubwa mwisho wa 2020 na iliyobaki Januari 2022, na jina la Sega likaanza kung'olewa milangoni. Kampuni iliyoanza kwa mashine za sarafu leo haina ukumbi wa mashine za sarafu kwao. Mimi nililelewa na jina hilo. Iliniuma.

#20 Kijana_wa_Kawangware

Sasa wakubwa, mimi ni mdogo hapa, mnisamehe. Mbona hakuna aliyewataja Disney? Walijaribu kitu kile kile. DisneyQuest ya Orlando, Juni 1998, ghorofa tano. Ilikaa hadi Julai 3, 2017. Miaka 19! Na hao walitoza kiingilio cha mlangoni, ukishaingia unacheza kila kitu bila sarafu. Hiyo haimuungi mkono mleta uzi kweli? Shida haikuwa kulipisha mlangoni. Shida ni kulipisha mlangoni NA ndani.

#21 Mwana_wa_Ilala

Mdogo wangu, weka kiti karibu na mimi. Hilo ndilo nililokuwa nalisema tangu posti ya kwanza.

#22 Dada_Peckham

Msishangilie mapema. DisneyQuest ya pili ilifunguliwa Chicago Juni 1999 ikafungwa Septemba 2001. Kampuni ile ile, muda mfupi kuliko London. Ya tatu, Philadelphia, iliishia kwenye shimo la msingi. Ya Orlando iliishi kwa sababu ilikuwa ndani ya himaya ya Disney, mgeni yuko likizo ya wiki nzima, mvua ikinyesha anaingia. Chicago mtu anatoka kazini. Anaingia mara moja, anaona, basi.

Hapo ndipo penye maoni yangu mimi. Jumba la aina hii ni kitu cha kuonwa mara moja. Gemu unaweza kurudia mara mia, mtambo wa filamu haurudii. Ukishajua mnyama anatokea wapi gizani, pauni yako ya pili unaipeleka kwingine. Filamu zao zilitakiwa zibadilishwe kila miezi michache, na hiyo ni hela ambayo Nyota ameshaeleza kwamba haikuwepo.

#23 Kijana_wa_Kawangware

Chicago sikuijua. Nimejifunza. Lakini kiti sihami.

#24 Kitoweo72

Nani anakumbuka Trocadero yenyewe ilivyokuwa? Mnazungumza kama Sega walijenga uwanjani. Lile jengo linachanganya akili. Ngazi zinapishana, unapanda hapa unatokea usikotaka, duka la zawadi, sinema, ukumbi mwingine wa mashine. Mtu anaweza kuzunguka nusu saa ndani ya jengo na asijue SegaWorld inaanzia wapi. Mwenye jengo wakati huo, Burford, aliamini Sega itavuta watu waende madukani. Sega nao waliamini maduka yatawavutia watu. Kila mmoja anamsubiri mwenzake alete wageni.

#25 Bi_Shangani

Kwa wapenda historia, maana naona tumefika kwenye jengo. Trocadero lilifunguliwa 1896 kama mgahawa mkubwa wa J. Lyons, wale wa nyumba za chai. Ulifungwa 1965. Miaka ya 80 ndipo likageuzwa kuwa jumba la starehe na maduka.

Sasa sikilizeni ninalolipenda mimi. Lyons hao hao, wauza chai na keki, ndio waliotengeneza LEO, kompyuta ya kwanza duniani kufanya kazi za ofisi za biashara. Mwaka 1951. Waliitumia kuhesabu gharama za mikate. Yaani miaka 45 kabla ya Sega kujaza kompyuta humo ndani, wenye mgahawa wa jengo lile walikuwa tayari wameshaingia kwenye kompyuta. Nililisoma hilo nikakaa kimya dakika nzima.

#26 Fundi_wa_Foleni

Bi Shangani, hiyo peke yake inatosha kuwa uzi. Kompyuta ya keki!

#27 MtuWaKisauni

Uufungue, bibie. Nitakuwa wa kwanza kuchangia.

Nikirudi kwa Dada_Peckham, hilo la "mara moja basi" nimelipenda lakini halitoshi. Mashine 400 zilikuwa na gemu za kurudiwa. Daytona, ile ya mbio za magari, mkikaa wengi mmeunganishwa, hakuna anayeridhika mara moja. Aliyeshindwa anataka marudio.

#28 Dada_Peckham

Ndiyo maana Funland waliishi! Walibaki na hicho kinachorudiwa, wakaachana na mitambo. Mimi niliwaona vijana wa mashine za kucheza kwa miguu miaka ile ya 2000. Jumamosi wamezunguka mashine moja watu thelathini, mmoja yuko juu anakanyaga mishale, wengine wanapiga makofi. Na pale chini walikuwa vijana wa hip hop, wanafanya mazoezi ya kudansi sakafuni saa nyingi. Wengi wao watoto wa wahamiaji kama sisi. Hawakuwa na pauni 12, walikuwa na pauni 1 na mchana mzima. Mdogo wangu wa kiume alikulia pale. Mpaka leo marafiki zake watatu wa karibu ni wa pale kwenye ile sakafu.

Ilipofungwa 2011 alinipigia simu kama mtu aliyefiwa.

#29 Mzee_Lubumbashi

Mtoto wa dada yangu vilevile. Alikuwa anaenda na basi kutoka Tottenham.

#30 Kitoweo72

Mnanikumbusha kibanda cha gemu pale Magomeni nilipokuwa darasa la sita. Televisheni nne, koni zimefungwa kwa waya zisiibwe, mwenye kibanda ana daftari la majina na saa ya ukutani. Unalipa kwa mechi. Asiye na hela anakaa kwenye benchi anaangalia na kutoa ushauri, wala hafukuzwi. Kibanda kile kiliishi miaka mingi kuliko SegaWorld, na hakikuwa na hata feni.

#31 Kijana_wa_Kawangware

Benchi la watazamaji! Kwetu pia. Ukishindwa unampa koni anayefuata, unarudi benchi, unasubiri zamu. Siku nyingine nilikuwa natoka shule na mbao (shilingi ishirini) tu mfukoni, mechi moja, na nilikuwa nakaa pale hadi giza.

Hebu fikirieni: SegaWorld walimtoza mtu wa benchi.

#32 Fundi_wa_Foleni

Hiyo sentensi yako ya mwisho imenigusa, kijana. Kwenye hesabu yangu nilihesabu waliokaa kwenye mitambo. Sikuwahesabu wanaotazama. Na ukumbi wa gemu bila watazamaji hauna joto. Anayecheza vizuri anahitaji watu mgongoni.

Bado nasimama na foleni. Lakini nakubali kiingilio kiliwafukuza watu wa kuifanya foleni ivumilike.

#33 Nyota_ya_Muscat

Wakuu, mnaenda kwenye hisia. Yeni bilioni 35.6. Hata mngeweka benchi la dhahabu.

#34 Kitoweo72

Nyota, hela ya Muscat imekufanya uone yeni tu 😂

#35 Nyota_ya_Muscat

Nakupenda bure, Kitoweo. Lakini nijibu: kama London peke yake ndiyo ilikosea, Sydney ilikufa na nini?

#36 MtuWaKisauni

Sydney ilikufa kwa kulitegemea jiji moja la watu wachache liende kila wiki. Jengo lenyewe limebomolewa 2008. Hapo ni kama Chicago, hoja ya Dada_Peckham. London ilikuwa na watalii mlangoni kila siku, haiwezi kuwa sababu moja. PlayStation iliwapiga wote wawili.

#37 Dada_Peckham

Watalii wa Piccadilly wanapita kwenda Leicester Square, hawakai. Msiwahesabu watu wanaopita nje kama wateja.

#38 Bi_Shangani

Swali la pembeni: sasa hivi mle ndani kuna nini hasa? Mleta uzi ametaja hoteli.

#39 Dada_Peckham

Hoteli ya vyumba visivyo na madirisha, zaidi ya 700, ilifunguliwa 2020. Ukifikiri vizuri, majumba ya gemu hayahitaji mwanga wa jua, kwa hiyo waliokuja baada ya Sega walikuta giza limeshatengenezwa. Na sehemu ya chini ya jengo, baraza la Westminster liliidhinisha 2023 kuwa kituo cha jamii chenye ukumbi wa sala, kwa ajili ya Waislamu wanaofanya kazi maeneo yale.

#40 Bi_Shangani

SubhanAllah. Mgahawa, gemu, hoteli, sala. Jengo moja.

#41 Mzee_Lubumbashi

Kuna rafiki yangu wa Kigoma anafanya kazi jikoni mtaa ule. Nitamwambia.

#42 Mwana_wa_Ilala

Wakuu, nimemsomea mwanangu uzi huu wote jana usiku, mmoja mmoja. Nilidhani atasinzia. Aliniomba nirudie posti namba 8, akachukua daftari lake la shule akapiga hesabu ya Fundi upya kwa dakika 5 badala ya 6. Amepata watu 96 kwa kila mtambo. Mitambo sita ni 576. Kwa hiyo, Fundi, yuko upande wako, na amenikataa mimi baba yake.

Mimi bado nasema kiingilio. Kijana wa Kawangware amenipa maneno niliyokuwa nayatafuta: walimtoza mtu wa benchi.

Hilo la Odaiba ndilo lililomkaa. Anataka kujua kama ina ngazi ya roketi. Tumeanza kuweka akiba ya nauli, kwenye kopo la maziwa, juu ya friji.

#43 Fundi_wa_Foleni

Mwambie dakika 5 haiwezekani, mikanda peke yake inakula moja na nusu. Lakini mpe hongera, na aje kwetu kiwandani akimaliza shule.

#44 Kitoweo72

Mkifika Odaiba hesabuni na foleni. Muda wa kusimama na muda wa kupanda, mtambo kwa mtambo. Mrudi nazo hapa.